Baiskeli Haijui Umri

Ndugu msomaji, iko methali moja ambayo sisi wazazi hupenda kuitumia kila tunapotaka kumwadibu mtoto: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri, na siku nyingi imetufaa. Lakini ina upande wake wa pili ambao hausemwi kwa sauti, nao ni kwamba mtu mzima amekwisha kauka. Kwamba aliyevuka miaka 40 hana tena la kuufunza mwili wake isipokuwa kuuzoeza maumivu ya mgongo. Leo naomba nizungumze nawe juu ya upande huo wa pili, maana mwaka juzi, nikiwa na miaka 46 na watoto wanne, nilianza kujifunza kupanda baiskeli hapa Morogoro, na niliyoyapata katika mafunzo hayo hayakuishia kwenye magurudumu.

Sikujifunza kwa ajili ya starehe. Sisi ni watu wa Mwembesongo, familia ya kawaida ya watu sita. Mume wangu alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja la mjini, nami nina genge la mboga mbele ya nyumba tunayopanga. Kwa miaka mingi kazi hizo mbili zilisaidiana. Alfajiri, mwenzangu akitoka lindoni, hakuja nyumbani moja kwa moja, bali alipanda Phoenix yake hadi Bigwa na Kigurunyembe kuwapokea wakulima wanaoshuka kutoka milimani, akarejea na tenga la mboga juu ya keria, kisha ndipo akalala. Hivyo ndivyo tulivyowasomesha watoto.

Wewe unayeifahamu Morogoro unajua habari za wakulima hao. Safu ya Uluguru imesimama juu ya mji kama ukuta. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga, kile tukionacho kimevaa wingu asubuhi, kina mita 2,138. Katikati ya mji na kilele hicho yako mashamba ya ndizi, magimbi, maharage, karoti na kabichi, na mengi ya mashamba hayo hayafikiwi na gari. Mavuno hushuka juu ya vichwa vya watu, akina mama na vijana wakitangulia jua, wakiteremka vijia vyembamba vya udongo mwekundu bila kuyumba. Kama wako watu wanaojua mizani ya mwili katika nchi hii, basi ni hao.

Mwezi wa Agosti mwaka juzi mwenzangu alishikwa na kiharusi. Mungu alimnusuru, lakini mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakawa yanamtoka kwa taabu. Baiskeli ikaegemezwa ukutani. Kwa miezi miwili nilifuata mboga kwa pikipiki ya kukodi. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 4,000, na faida ya genge langu, hata siku iliyo njema, haikuzidi shilingi 9,000. Fanya hesabu mwenyewe: karibu nusu ya jasho letu iliishia katika tangi la petroli, na kliniki ilikuwa ikitusubiri kila wiki.

Akaja kijana mmoja kuitaka baiskeli. Bei aliyotaja haikuwa mbaya. Nikaingia ndani nikamwambia mwenzangu, "Baba, ameleta bei ya maana." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema polepole, neno moja moja, "Haiuzwi, mama. Panda wewe." Nilicheka. Yeye hakucheka.

SIRI YA MAGURUDUMU MAWILI

Hebu tujiulize kwanza, ndugu msomaji: kwa nini baiskeli ikisimama huanguka, na ikienda haianguki? Kwa miaka mingi watu waliamini kuwa siri yote imo katika kuzunguka kwa magurudumu, kama vile pia ya mtoto inavyosimama wima ikizunguka. Kuzunguka huko husaidia kweli, lakini hakutoshi kuwa jibu. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzao wa Delft, Uholanzi, walitoa habari za baiskeli ndogo ya majaribio waliyoiunda, ambayo nguvu ya mzunguko ilikuwa imefutwa kwa magurudumu mengine yaliyozunguka kinyume. Baiskeli hiyo ilisukumwa pasipo mpandaji, na bado ikaenda bila kuanguka.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika usukani. Baiskeli iliyoundwa vema, inapoanza kulalia upande mmoja, gurudumu lake la mbele hugeukia upande huohuo, na hivyo magurudumu hurudi chini ya uzito. Bila shaka umepata kumwona mtoto akisimamisha mpini wa jembe juu ya kiganja. Mpini ukielekea kulia, mkono nao hukimbilia kulia. Ukielekea kushoto, mkono huufuata. Mkono uliokakamaa huangusha mpini mara moja. Vivyo hivyo kwa baiskeli: haisimami kwa sababu mpandaji ameishika kwa nguvu, bali kwa sababu inaruhusiwa kujisahihisha kidogo kidogo, mamia ya mara katika kila safari, bila hata mwenyewe kutambua.

Anayeanza hufanya kinyume cha hayo. Huukaba usukani kana kwamba unataka kumtoroka, hukaza mabega, hukaza taya, na baiskeli ikiinama upande wa kulia yeye huvuta kushoto kwa hofu. Matokeo yake ni mavumbi.

Mwalimu wangu alikuwa mume wangu mwenyewe, aliyeketi juu ya kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, pembeni mwa uwanja wa shule ulio umbali wa nyumba tano kutoka kwetu. Kufika pale kwa mkongojo, huku kijana wetu wa tatu amemshika kiwiko, kulikuwa ndiyo mazoezi yake ya siku. Kwa hiyo kila Jumamosi na Jumapili, kabla jua halijakuwa kali, wanafunzi wawili walikwenda uwanjani: mmoja akijifunza kutembea upya, na mmoja akijifunza kupanda.

Agizo lake la kwanza lilinishangaza. Fundi alishusha kiti cha baiskeli hadi mwisho, nami nikaambiwa nisiguse pedali kwa wiki nzima. Nikae kitini, niisukume ardhi kwa miguu, kisha niinue miguu na kuiacha baiskeli iserereke yenyewe. Baadaye nilisoma kwamba ndivyo baiskeli ilivyoanza duniani. Mjerumani Karl Drais alipotoa chombo chake cha magurudumu mawili katika mji wa Mannheim, mwaka 1817, chombo hicho hakikuwa na pedali wala mnyororo. Mpandaji aliisukuma ardhi kwa miguu. Pedali zilikuja miaka mingi baadaye, na baiskeli yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, mfano wa hizi zetu, ilienea baada ya Rover ya Mwingereza John Kemp Starley ya mwaka 1885. Ulimwengu ulijifunza mizani kwanza, mwendo baadaye. Mwenzangu hakuwa amesoma kitabu chochote juu ya hayo. Aliyajua kwa kuwa aliwafunza wadogo zake wote.

Nakusihi nawe, ukitaka kumfunza mtu mzima, anza hivyo. Usimshike kiti kwa nyuma huku ukikimbia na kupiga kelele. Aliyeshikwa hujifunza kushikwa. Mpe uwanja tambarare, mshushie kiti ili nyayo zake zifike chini, umwache agundue mwenyewe kwamba chombo hiki hakina nia mbaya naye. Na akina mama wenzangu wasisahau nguo: kanga na minyororo havipatani. Mimi nilivaa suruali ndani na gauni fupi juu yake, na heshima yangu haikupungua hata chembe.

MACHO HUTANGULIA

Wiki ya pili nilipewa pedali, na wiki hiyo nilianguka mara tano. Palikuwa na jiwe moja katika uwanja ule mpana. Uwanja mzima ulikuwa mtupu, lakini kila nilipopita niliiendea njia ya jiwe lile kana kwamba limenifunga kamba. "Mama," mwenzangu akaniita, "acha kulitazama jiwe. Tazama pale unapotaka kwenda."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Aliyapokea hospitalini kutoka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye kila wiki alimkataza kuutazama mguu wake mgonjwa anapotembea. Anayetazama mguu, mtaalamu alisema, huinamisha kichwa, kichwa huvuta mabega, mabega huvuta kiuno, na mwili mzima hufuata chini. Tazama mlango unaouendea, mguu utakuja. Basi mume wangu alipokea mafunzo siku ya Jumatano, akanigawia mimi Jumamosi, na wote wawili tukafaulu kwa somo moja.

Somo hilo linavuka bahari. Wako watu wanaopanda mawimbi kwa ubao: husubiri wimbi, husimama juu ya ubao, na kusafiri nalo hadi ufukweni. Wengi hudhani mchezo huo ni wa visiwa vya Hawaii peke yake, lakini wasafiri wa Ulaya waliofika Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, katika karne ya 17 waliandika juu ya watoto wa pwani ile waliocheza baharini juu ya vipande vya mbao. Mwaka 2021, huko Japani, mchezo huo uliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki. Nao wanaoufundisha huwaambia wanafunzi wao yaleyale: kunja magoti, legeza mabega, usitazame miguu yako, tazama kule unakotaka ubao uende. Mawimbi hatunayo sisi wa Morogoro, lakini mwili wa binadamu ni mmoja, na hofu yake ni moja.

KUPANDA SI KUTAWALA

Kufikia mwezi wa Desemba niliweza kuuzunguka uwanja bila kuanguka. Majirani wakanipongeza, nami nikajiona nimehitimu. Mwenzangu hakuniruhusu kuingia barabarani. Alisema, kwa sauti iliyokuwa imeanza kurudi, kwamba anayeweza kwenda ni mwanafunzi. Anayeweza kwenda polepole, kusimama anapotaka na kugeuka anapotaka, huyo ndiye mpandaji.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, maana wengi wetu huachia hapo. Tukishaweza jambo kidogo, tunatoka nalo barabarani. Yeye alinipa mazoezi manne, nami nayaandika ili mwingine ayatumie.

La kwanza lilikuwa kwenda polepole kadiri iwezekanavyo kati ya mistari miwili iliyochorwa kwa kijiti ardhini, hatua mbili kutoka mmoja hadi mwingine. Mwendo wa haraka huficha udhaifu. Mwendo wa polepole huufichua. La pili lilikuwa kugeuza kichwa na kutazama nyuma bila baiskeli kuhama njia yake, maana katika barabara ya Msamvu nyuma yako yaweza kuwapo basi. La tatu lilikuwa kuuachia usukani mkono mmoja na kuonyesha upande ninaotaka kukata. Na la nne lilikuwa breki.

Juu ya breki nakuomba uwe makini. Chombo kinapofunga breki, uzito husogea mbele, na kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Lakini ndiyo inayoweza kumrusha mpandaji juu ya usukani, au kuliteleza gurudumu kwenye changarawe. Breki ya nyuma ni dhaifu zaidi, lakini ni mpole. Desturi njema ni kuanza na ya nyuma, kuongeza ya mbele taratibu, na kusogeza mwili nyuma ya kiti. Breki za Phoenix yetu ni za fimbo za chuma zinazovuta raba kuikaba rimu. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma hulowa na raba huteleza juu yake, na umbali wa kusimama huwa mrefu sana kuliko siku ya jua. Kwa hiyo siku ya mvua breki huguswa mapema na kwa wepesi, ili raba ifute maji kabla haja haijafika.

Wakati wa mazoezi hayo maneno ya watu nayo yalikuwa mengi. Wazee wa kwenye kijiwe cha kahawa waliuliza kama mume wangu ameridhia. Yeye alikuwa amekaa palepale juu ya kiti chake, wakamwona, wakanyamaza. Jirani mmoja wa kike aliniambia kwa upole, "Shoga yangu, mama mzima kama wewe, ukivunjika mguu nani atamwangalia mgonjwa?" Swali lake lilikuwa la haki, na lilininyima usingizi zaidi ya kicheko cha vijana. Jibu nililolipata ni kwamba mgonjwa haangaliwi kwa miguu mizima peke yake. Huangaliwa pia kwa unga na dawa. Na njia ya kuilinda miguu yangu ilikuwa kujifunza vema, taratibu, hadi mwisho.

Tena sikuwa wa kwanza. Mwaka 1894 mama mmoja wa Boston, Marekani, Annie Kopchovsky, mwenye watoto watatu, aliondoka kuizunguka dunia kwa baiskeli, hali ya kuwa alianza kujifunza kuipanda siku chache tu kabla ya safari. Sehemu kubwa ya njia aliivuka kwa meli, hilo ni kweli, lakini alirudi salama mwaka 1895. Mwaka huohuo, huko Urusi, mwandishi Leo Tolstoy alijifunza baiskeli akiwa mzee tayari, muda mfupi baada ya kumzika mwanawe mdogo. Habari ya mzee huyo ilinigusa kuliko ile ya Annie. Naielewa: mtu aliyepigwa na dunia hutafuta kitu kimoja anachoweza kukisimamisha wima.

MTEREMKO

Mtihani wenyewe ulikuwa kiteremko cha kutoka Kigurunyembe kushuka hadi barabara kuu ya Dar es Salaam. Kukipanda si kazi. Unashuka na kuisukuma baiskeli. Kushuka ndiko kunakompima mtu. Mara ya kwanza, mwezi wa Januari, nilisimama juu yake asubuhi, baiskeli tupu bila mzigo, mikono imelowa jasho. Nikaikokota hadi chini kwa miguu. Siku ya pili nikashuka robo ya chini tu. Wiki iliyofuata nusu. Kila mara nilianza kutoka pale nilipopazoea, nikaongeza hatua ishirini au thelathini kwenda juu. Ilinichukua siku kumi na moja kukishuka chote, na siku hiyo hakuwapo mtu wa kunipigia makofi, isipokuwa mama mmoja wa mlimani mwenye tenga la magimbi kichwani, aliyesema, "Hongera, dada," akaendelea na safari yake.

Niliyemwuliza habari za mlima ni huyohuyo mama, kwa kuwa tulizoeana baadaye katika kununua na kuuza. Nilimwuliza anawezaje kushuka vijia vile na mzigo, mvua ya masika ikinyesha, wala asianguke. Akanijibu kwamba huanguka. Kila mtu wa mlimani amepata kuanguka. Ila mguu hautui mpaka umeyapima mawe, na goti halinyooki hata siku moja. Tena akaniambia jambo ambalo sijalisahau: siku mlima unapokataa, wao hukaa chini wakasubiri. Hawaoni haya.

Nilikuwa nikidhani ujasiri ni kutokuwa na hofu. Mlima ukanionyesha kwamba ziko hofu mbili. Iko hofu inayosema, "Wewe huwezi". Hiyo ni ya kuzoewa kidogo kidogo hadi ichoke yenyewe. Na iko hofu inayosema, "Leo udongo umelowa na raba za breki zimelika". Hiyo ni ya kuheshimiwa, maana ni akili iliyovaa nguo za woga. Mwenye kuitawala baiskeli yake si yule anayeshuka kila siku. Ni yule anayejua siku ya kushuka na siku ya kukokota. Hadi leo, mvua ikinyesha, mimi huteremka kwa miguu, na vijana hunipita kwa kasi. Wengine wao nimepata kuwaokotea viatu huko chini.

Baada ya mteremko ukaja mzigo. Kilo 40 za kabichi na karoti juu ya keria hubadilisha chombo chote. Mzigo ukirundikwa juu, baiskeli hulewa. Ukishushwa pande mbili za gurudumu, hutulia. Fundi alinifungia matenga mawili madogo kulia na kushoto mahali pa lile tenga moja kubwa la mwenzangu, nami nilianza na kilo 10, nikaongeza 5 kila wiki. Hapana siri nyingine niliyoitumia. Haraka haraka haina baraka, na juu ya magurudumu mawili haraka ina malipo ya papo hapo.

YALIYOBAKI

Sasa umetimia mwaka na zaidi tangu nianze kufuata mboga mwenyewe. Huondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa ikiwaka mbele na kioo chekundu kikimeta nyuma, nikarejea kabla watoto hawajatoka kwenda shule. Zile shilingi 4,000 za nauli hubaki nyumbani, na hizo ndizo zilizolipa kliniki na madaftari. Na yule jirani aliyeniuliza swali la haki alikuja mwezi wa Machi akiwa amevaa suruali ndani ya gauni. Hakusema neno. Nikampeleka uwanjani nikamshushia kiti.

Ama mwenzangu, leo anatembea kwa mkongojo bila kushikwa, na maneno yamemrudia, hata ya mzaha. Mkono wa kulia haukurudi vile tulivyoomba. Hatapanda tena baiskeli, nasi tumekwisha kulizungumza hilo waziwazi, mimi na yeye, usiku mmoja watoto wamelala. Alisema kwamba kilichomsumbua katika maradhi hakikuwa mguu. Ni kuona kwamba yale yote aliyoyajua mwilini mwake hayana tena mahali pa kukaa. "Sasa yako kwako," akasema. Sikuwa na jibu, nikaushika ule mkono wake wa kulia. Alinibana kidole, kidogo tu, lakini alinibana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tusiitumie methali ya samaki kujifungia mlango. Samaki aliyekauka hakunjiki, ni kweli. Lakini binadamu si samaki. Mwili wake hukubali kufunzwa hata ukubwani, mradi afunzwe kwa kiasi, kwa kurudia, na bila fedheha. Daktari humwambia hivyo mgonjwa wa kiharusi, kwamba kurudia tendo lilelile kila siku ndiko kunakoufundisha ubongo njia mpya. Nami nakwambia hivyo wewe mzima.

Yamkini kwako si baiskeli. Pengine ni cherehani uliyorithi, au kalamu ambayo hukuipata utotoni, au ni kuogelea, ambako wengi wetu tuishio karibu na mito na mabwawa hatukujui hata tukafa kwa kutokujua. Chochote kiwacho, tafuta uwanja tambarare kwanza. Shusha kiti hadi nyayo zifike chini. Legeza mikono. Usilitazame jiwe. Ukianguka, tazama kama umeumia. Kama hukuumia, panda tena siku hiyohiyo kabla hofu haijapata kitanda cha kulala ndani yako. Na ukiwa na mzee au mgonjwa nyumbani aliyekuwa akilijua jambo hilo, mpe kiti akae pembeni, umwombe akufundishe. Yamkini hilo ndilo litakalokuwa tiba yake.